Kuizoea mada si kuijua: orodha ya mbinu kumi za kusoma ikipimwa Bugarama

Kama una simu na uko kwenye kundi lolote la WhatsApp la wanafunzi au wazazi, ile orodha umeshatumiwa. Inaanza na "Siri za kufaulu mitihani", inakwambia uamke saa kumi alfajiri na unywe maji mengi, halafu katikati inakupa takwimu: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, asilimia 20 ya anachosikia, na inapanda hivyo hivyo mpaka asilimia 90 ya anachokifanya. Zinapendeza kwa sababu zimepangika vizuri mno. Tatizo ni kwamba hazitokani na utafiti wowote. Mara nyingi hubandikwa jina la Edgar Dale, Mmarekani aliyechora koni ya njia za kufundishia mwaka 1946. Koni yake haikuwa na asilimia hata moja. Namba ziliongezwa na watu wengine baadaye.

Leo nataka tuijadili orodha nyingine, ambayo angalau imefanyiwa kazi. Mwaka 2013 John Dunlosky na wanasaikolojia wenzake wanne wa Marekani walichapisha ripoti ndefu. Walichukua mbinu 10 za kujisomea, wakapitia majaribio yaliyofanywa juu ya kila moja, kisha wakazipa madaraja: zenye manufaa makubwa, ya kati, na madogo. Tangu hapo, karibu kila makala ya maana inayoeleza "jinsi ya kusoma" imechota humo, hata kama haisemi.

Nimeisoma ripoti hiyo nikiwa na swali moja kichwani: inamsaidia nini mwanafunzi wa kidato cha tatu pale kata ya Bugarama, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu? Nimechagua hapo makusudi. Ni ukanda wa dhahabu, kijana anayeamini "kichwa changu hakishiki" ana pa kwenda kesho asubuhi: kuna karasha, kuna mwalo, kuna duara. Haihitaji cheti. Kwa hiyo ushauri mbovu wa kusoma ukimfikia, gharama yake haiishii kwenye alama za mtihani.

Jibu langu fupi: ripoti iko sahihi kwenye mambo mawili makubwa, na bahati nzuri ndiyo yasiyo na gharama. Lakini kuna jambo moja imelinyamazia, na ukiifuata bila kulitazama hilo, utajikuta umerudi kwenye kukariri kulekule.

Madaraja yenyewe

Tuanze chini. Waliowekwa daraja la chini ni hawa: kurudia kusoma maandishi yaleyale, kupiga mstari au hailaita, kuandika muhtasari, na mbinu mbili za kuunganisha maneno na picha za kichwani. Daraja la kati: kujiuliza "kwa nini iwe hivi?", kujieleza mwenyewe kila hatua unayopitia, na kuchanganya aina za maswali unapofanya mazoezi. Juu kabisa wakaweka mbili tu: kujipima, na kusambaza kipindi cha kusoma mada kwa siku mbalimbali badala ya kuimaliza kwa mkupuo.

Hebu angalia tena walio chini. Kurudia daftari, kupiga mistari. Hicho ndicho tunachokiita msuli! Mwanafunzi anayesifiwa kwamba "anapiga msuli" mara nyingi ni yule anayeonekana prepo saa nne usiku akiwa ameinamia daftari, anafungua ukurasa, anausoma, anaurudia. Ripoti haisemi mtu huyo ni mvivu. Inasema jasho lake linamwagika mahali pasipoota kitu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kwenye eneo hili ni jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi wa chuo walisoma vifungu vifupi vya sayansi. Kundi moja likavisoma tena. Kundi lingine likanyang'anywa karatasi na kuambiwa liandike chochote linachokumbuka. Baada ya dakika 5 wote wakapimwa: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, wenzao asilimia 75. Ukiishia hapo utasema kurudia ndiko bora. Lakini baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, waliojipima asilimia 56.

Jaribio la pili la watafiti hao lina jambo linalouma zaidi. Wanafunzi waliulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Waliosoma na kurudia mara nyingi ndio waliojiamini kuliko wote, na ndio waliosahau kuliko wote.

Marudio ya aina mbili

Ukikaa Bugarama au Kakola utasikia neno "marudio" likiwa na maana mbili. Shuleni ni kupitia ulichosoma. Kwa wachimbaji, marudio ni mchanga ambao umeshasagwa na kuoshwa, lakini bado una dhahabu ndani yake. Mwenye marudio anajua kitu kimoja: kuupitisha mchanga uleule kwenye mwalo uleule hakutampa dhahabu iliyobaki. Ndiyo maana mchanga huo unauzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi, ambayo inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa.

Marudio ya daftari nayo yako hivyo. Macho yakipita mara ya tano kwenye ukurasa, ubongo unasema "hii naijua", kwa sababu unatambua mwandiko, mpangilio, hata lile doa la chai pembeni. Kutambua si kukumbuka. Kwenye mtihani hakuna ukurasa wa kutambua, kuna swali na nafasi tupu. Kazi utakayoifanya siku hiyo ni kuvuta kitu kutoka kichwani, na kazi hiyo hujaifanyia mazoezi hata mara moja.

Kujipima maana yake ni hivyo tu: funga daftari, chukua karatasi, andika unachokumbuka. Ukikwama, kaa na huo ugumu kidogo kabla hujafungua. Kisha fungua, sahihisha, weka alama kwenye ulichokosa. Utajisikia vibaya, utaona kama hujui kitu. Usikimbie. Ile hali ya kusuasua ni sehemu ya dawa yenyewe.

Pasti pepa: chombo kizuri kinachotumiwa vibaya

Hapa msomaji atasema: sisi tunajipima sana, mbona tunasolvu pasti pepa kila siku? Ni kweli, na kwa hili shule zetu ziko mbele kuliko tunavyojisifu. Ila angalia inavyofanyika. Vitabu vingi vya maswali na majibu vina swali juu, jibu chini yake. Mwanafunzi anasoma swali, jicho linateremka, anasoma jibu, anatikisa kichwa, "eeh, kumbe", anaenda linalofuata. Huyo hajasolvu kitu. Amerudia kusoma kama kawaida, ila safari hii maandishi yake yana alama ya kuuliza. Funika jibu kwa daftari. Tofauti yote iko hapo.

Kuna na jingine ambalo wengi hawalitumii. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Zinachukua swali kwa swali, zinaeleza lilitaka nini, watahiniwa walikosea wapi, na zinaonyesha mifano ya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Zipo kwenye tovuti yao, bure. Mwalimu mmoja akipakua ya somo lake na kuchapa kurasa chache, darasa zima limepata kitu kinachozidi kitabu cha "siri za kufaulu". Jibu swali kwanza, kisha linganisha jibu lako na yale mawili.

Kwa hesabu na fizikia ongeza kuchanganya. Zoezi la mwisho wa mada huwa na maswali 15 yanayotaka kanuni ileile, kwa hiyo baada ya la pili hufikirii tena, unabadilisha namba tu. Mtihani haukwambii "hapa tumia kanuni hii". Ukichukua maswali mawili ya mada hii, mawili ya mwezi jana, na mawili ya mwaka jana, unajizoeza kuchagua njia, na kuchagua ndiko kunakowaangusha wengi.

Tumia siku ya mnada

Mbinu ya pili ya daraja la juu ni kusambaza. Saa tatu za mada moja kwa usiku mmoja na saa moja moja kwa siku tatu zilizoachana zina gharama sawa, lakini hazikupi kitu kilekile. Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake walijaribu jambo hili kwa watu zaidi ya 1,300 waliojifunza taarifa ndogondogo, kisha wakazirudia baada ya muda tofauti. Kwa mtihani wa siku 7 mbele, pengo bora lilikuwa karibu siku 1. Kwa mtihani wa siku 35 mbele, karibu siku 11. Kwa mtihani wa karibu mwaka mzima mbele, karibu wiki 3. Yaani kadiri unavyotaka kitu kikae, ndivyo unavyopaswa kuacha nafasi kubwa zaidi kabla ya kukigusa tena.

Sasa kumbuka mtihani wa kidato cha nne unagusa mada za kuanzia kidato cha kwanza. Mtu anayesoma kwa mkupuo kila muhula anaujaza ndoo iliyotoboka, halafu Oktoba ya mwaka wa nne anashangaa imekauka. Kukesha nako kunaongeza hasara, kwa sababu usingizi ndio wakati ambao ubongo hutulizia kilichosomwa mchana.

Ripoti inapendekeza ratiba kana kwamba mwanafunzi ndiye mwenye saa zake. Bugarama mtoto anarudi nyumbani kuna maji ya kuchota, kuna wadogo zake, kuna genge la mama la kukaa. Ratiba ya rangi rangi haitadumu siku nne. Kinachodumu ni kushikiza marudio kwenye kitu ambacho tayari kinajirudia. Kwetu kila eneo lina siku yake ya mnada. Weka kanuni moja: siku ya mnada ni siku ya mada za zamani. Dakika 20 tu, karatasi tupu, mada moja ya wiki jana na moja ya miezi iliyopita. Na ukiwa unachota maji jiulize maswali mawili kwa mdomo. Hiyo nayo ni kujipima, haihitaji umeme wala kitabu.

Pale ripoti inapokaa kimya

Mpaka hapa nimeisifia. Sasa tugeuke.

Sehemu kubwa ya majaribio yaliyokusanywa kwenye ripoti hii yanamhusu mwanafunzi anayesoma maandishi kwa lugha anayofikiria nayo. Tatizo lake ni moja tu: asisahau. Mwanafunzi wetu ana tatizo jingine linalotangulia hilo. Nyumbani kwa wengi Bugarama ni Kisukuma. Shule ya msingi ya serikali ni Kiswahili. Siku anapoingia kidato cha kwanza, biolojia, jiografia, fizikia, vyote vinageuka Kiingereza. Halima Mwinsheikhe aliandika kuhusu ufundishaji wa sayansi na kikwazo hiki cha lugha mwaka 2002, na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema kwa miaka mingi: mwanafunzi asiyeielewa lugha ya kufundishia hafundishwi, ananakilishwa.

Sasa mpe mwanafunzi huyo ushauri wa Dunlosky: "Funga daftari, andika unachokumbuka." Atafanya nini? Atajaribu kuivuta ile sentensi ya Kiingereza kama ilivyokuwa ubaoni, neno kwa neno, bila kujua inasema nini. Akifaulu tutampongeza. Swali likigeuzwa kidogo, anaanguka. Mbinu bora ya dunia nzima imezaa kukariri kwa kasi zaidi.

Chukua mfano. Kuna mtoto aliyesoma "usanisinuru" darasani kwa Kiswahili, akaelewa kwamba mmea unatumia mwanga, maji na kaboni dioksaidi kujitengenezea chakula. Anafika sekondari, anakutana na "photosynthesis", anadhani ni mada mpya. Ana kitu kichwani tayari, hajaambiwa ni kilekile. Anaanza upya kukariri maneno.

Kwa hiyo kwa mwanafunzi wetu kujipima kunahitaji hatua mbili, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza, daftari likiwa limefungwa, eleza mada kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndiko mawazo yanakotoka, kana kwamba unamweleza mdogo wako. Ukishindwa hapa, tatizo lako si kumbukumbu, ni uelewa. Rudi kwa mwalimu au kwenye diskasheni. Ukiweza, ndipo uvute maneno ya Kiingereza ambayo msahihishaji anayataka na uandike jibu kamili. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hatua ya pili hairukwi. Lakini ukianza nayo unajenga juu ya hewa.

Hapa ndipo lile swali la "kwa nini", ambalo ripoti imeliweka daraja la kati, ningelipandisha. Na Bugarama ni mahali penye utajiri wa "kwa nini". Kwa nini zebaki inaikamata dhahabu na kuuacha mchanga? Kwa sababu zebaki ni metali na hushikamana na metali nyingine kama dhahabu, wakati mchanga si metali. Kwa nini wakichoma ule mchanganyiko, dhahabu inabaki? Kwa sababu zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 hivi, na dhahabu haianzi kuyeyuka mpaka nyuzi 1,064. Na ile zebaki imekwenda wapi? Hewani, kwenye mapafu ya aliyesimama pale. Mwanafunzi aliyejibu maswali hayo matatu kwa lugha yake hawezi kusahau kwa urahisi tofauti ya kuchemka na kuyeyuka. Anaweza pia kumwonya kaka yake.

Muhtasari umeonewa

Jambo la pili ninalobishana nalo ni muhtasari kuwekwa daraja la chini. Waandishi wenyewe wanakiri kwamba unafaa kwa aliyefundishwa kuuandika vizuri. Lakini wao wanamwona mwanafunzi mwenye kitabu chake mezani, ambaye muhtasari kwake ni nyongeza. Kwenye shule ambayo kitabu kimoja wanagawana watu kadhaa, daftari ndilo kitabu. Asipojua kufupisha, hana cha kujipimia.

Ila tuseme ukweli: kunakili ubao si muhtasari, na kukopi desa la rafiki si muhtasari. Ninachopendekeza ni kitu kidogo. Kipindi kikiisha, kabla hujatoka darasani, andika mistari mitano kutoka kichwani kuhusu ulichosikia. Kisha linganisha na ubao. Hapo umefupisha na kujipima kwa mara moja, na jioni una maswali yako tayari.

Nani anabeba lawama

Zawadi kubwa ya utafiti huu kwa kijana wa Bugarama ni kumwondolea ile hukumu ya "huyu hana akili". Mtu anayesoma saa tatu kila usiku na kufeli anaweza kuwa na kichwa kizima kabisa, ila amefundishwa njia inayompa hisia ya kujua bila kujua kwenyewe. Hilo linarekebishika ndani ya mwezi mmoja, na ni habari njema.

Hatari yake ni kwamba tunaweza kuihamisha lawama tu. Zamani tulimwambia "huna akili", sasa tutamwambia "huna mbinu", na vitabu vitaendelea kuwa vichache, madarasa yatajaa, na Kiingereza kitaendelea kumwangukia kidato cha kwanza kama tofali. Orodha ya mbinu haichukui nafasi ya mwalimu. Yeyote anayekuuzia orodha, hata hii nzuri ya 2013, muulize nani amebaki na kazi baada ya ushauri wake. Kama ni mtoto peke yake, ushauri haujakamilika.

Ndiyo maana ningependa wanaoanza wawe walimu. Dakika tano za mwanzo wa kila kipindi: maswali matatu ubaoni, moja la jana, moja la wiki jana, moja la muhula uliopita. Madaftari yamefungwa, kila mtu anaandika, hakuna alama zinazokusanywa, majibu yanajadiliwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Hapo kuna kujipima, kuna kusambaza, kuna uelewa, na hakuna mtoto aliyetakiwa kuwa na simu, taa wala kitabu chake mwenyewe. Kama wewe ni mwanafunzi na mwalimu wako hafanyi hivyo, mwombe kwa adabu. Akikwambia silabasi ni ndefu, fanyeni wenyewe kwenye diskasheni: mmoja aulize, wengine waandike kimya kwanza, ndipo mjadili. Bila kile kimya cha kwanza, anayejua atajibu kwa niaba ya wote, na mtarudi nyumbani mkiamini mmesoma.